Amri Moja Ilivyoangusha S3

Tarehe 28 Februari 2017, saa 3:37 asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, mhandisi wa Amazon aliendesha amri ya kuondoa seva chache za S3, huduma ya kuhifadhi data, katika kituo cha kaskazini mwa Virginia. Timu yake ilikuwa ikitafuta kinachochelewesha mfumo wa ankara. Alikuwa na idhini, na mwongozo aliufuata. Ila thamani moja ndani ya amri hiyo iliingizwa vibaya, zikaondoka seva nyingi kuliko zilizokusudiwa.

Seva hizo zilibeba mifumo miwili: wa faharasa, unaojua kila faili liko wapi, na wa kutenga nafasi za data mpya. Yote ikabidi iwashwe upya, jambo ambalo katika vituo vikubwa halikuwa limefanyika kikamilifu kwa miaka mingi, huku S3 ikizidi kukua. Huduma ilirejea kikamilifu saa 7:54 mchana. Kwa takriban saa mbili za mwanzo hata ukurasa wa kuwaarifu wateja hali ya huduma haukuweza kusasishwa, maana nao uliitegemea S3.

Ni rahisi kumlaumu mhandisi. Kwangu mimi, kasoro ilikuwa kwenye zana iliyokubali kutekeleza amri ile bila kipingamizi. Amazon nayo ilirekebisha zana: iondoe seva taratibu, na ikatae kabisa pale mfumo unapokaribia kushuka chini ya uwezo wake wa lazima.

Anayeandika skripti za wingu aanzie hapo. Chukua skripti ya Bash yenye amri ya kufuta `rm -rf "$FOLDA"/*`. Kigeu `FOLDA` kisipopewa thamani, amri inageuka kuwa ya kufuta kila kitu kuanzia mzizi wa diski. Mstari mmoja wa `set -u` mwanzoni ungeisimamisha skripti kabla faili hata moja halijaguswa. Vivyo hivyo, weka kikomo cha seva zinazoweza kuzimwa kwa mkupuo, na iwepo njia ya kuonyesha kitakachofanyika kabla hakijafanyika. Skripti ikikatika katikati, iweze kuendeshwa tena bila kuunda rasilimali zile zile mara mbili.

Kisha ijaribu kwa makusudi: ipe namba isiyo sahihi, mbali na seva zinazohudumia wateja. Isipokataa, usiipeleke kazini.