Pongezi kwa Mtu wa Mchwa

Mwalimu wa biolojia anayefundisha Kinampanda, Iramba, hahitaji kununua kielelezo cha mchwa. Kichuguu anakikuta shambani. Kitabu kikubwa kuhusu mchwa wa Afrika, hata hivyo, kilitoka mwaka 1900 kwa mkono wa Mswidi: Yngve Sjöstedt, aliyezaliwa Hjo mwaka 1866.

Kabla ya hapo alikwishafanya kazi Kameruni. Mwaka 1905 akaja kwetu, wakati wa Mjerumani, akakaa hadi 1906 akikusanya wanyama wa Kilimanjaro, Meru na mbuga za Wamasai. Kibong'oto, huko Kilimanjaro, ilimpa wadudu wengi, na jina lake, lililoandikwa Kibonoto, limebaki kwenye lebo za vielelezo vilivyopo makumbusho ya Stockholm. Matokeo ya safari yalichapwa mwaka 1910 katika majuzuu matatu mazito. Wenyeji waliomsaidia hawakuandikwa kwenye lebo, na hilo ni deni.

Sifa yake kubwa kwangu ni subira. Mwaka 1914, miaka kumi na minne baada ya kitabu kile, alimpa jina la kisayansi mchwa aitwaye leo Macrotermes michaelseni, yule ajengaye vichuguu virefu na kulima kuvu ndani yake kwa chakula. Mkulima anamlaani akila mahindi. Msimu wa kumbikumbi anamsamehe.

Walimu wa Chuo cha Ualimu Kinampanda, wapeni wanachuo chupa na kalamu. Wakusanye wadudu wa Iramba, na safari hii kila mkusanyaji aandikwe jina.