Jina Lililokosekana Mnadani: Uhakiki wa Anwani ya Mchoro wa Irma Stern

Machi 2011, Bonhams ya London iliuza mchoro ambao Irma Stern aliuchora Zanzibar mwaka 1945, Arab Priest, kwa zaidi ya pauni milioni 3. Makala haya hayahoji bei wala ustadi wa mchoraji, yanahoji anwani.

Uislamu hauna ukasisi. Mswahili angeuliza kwanza kazi ya mzee huyo, kisha amwite shehe, imamu, kadhi au mwalimu. Neno "priest" linafuta tofauti hizo zote. "Arab" nalo, katika mji wa bandari uliowapokea watu wa Oman, Hadhramaut na Ngazija, halitoshi kumtambulisha mtu.

Itasemwa kwamba anwani ni sehemu ya kazi ya msanii. Ni kweli, na ihifadhiwe kama ushahidi wa jinsi alivyoona. Hata hivyo, mfasiri anayeandika "Kasisi Mwarabu" anarithi kosa na kulipa uraia katika Kiswahili. Napendekeza "Mzee wa Zanzibar", pamoja na maelezo kwamba jina lake halikuandikwa.

Stern alichora Rwanda pia, na michoro hiyo huuzwa kwa neno "Watussi". Hapa Gisozi, ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000, Ukuta wa Majina haujakamilika. Kwa hiyo suala hili si la istilahi tu: tunajua yanayoweza kumfika mtu akishaitwa kwa aina yake badala ya jina lake.