Namba Iliyo Ubavuni mwa Tairi

Kwa takriban miaka 30 baiskeli ya milimani ilienda kwa gurudumu la inchi 26, na hakuna mhandisi aliyekaa mezani akaipigia hesabu namba hiyo. Ilitoka jalalani. Mwaka 1933 kampuni ya Schwinn ya Chicago ilianza kuuza baiskeli zenye matairi manene ya kipimo hicho, zikapendwa na watoto wa Marekani na vijana waliosambaza magazeti. Miaka 40 baadaye vijana wengine, wa kaunti ya Marin jimboni California, walizifufua fremu hizo kuukuu kwa sababu mbili tu: zilikuwa ngumu, na bei yake ilikuwa ya kutupa.

Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza kushindana kwenye mteremko mkali karibu na mji mdogo wa Fairfax. Breki zao zilikuwa za kukanyaga pedeli kinyumenyume, zinazofanya kazi ndani ya habu. Mtu akifika chini grisi ilikuwa imeshaungua na kugeuka moshi, habu ikabidi ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Mashindano yakapewa jina la Repack, yaani “kujaza upya”, kwa ajili ya kazi hiyo. Fremu nzuri, tairi zuri, mguu wa chuma: vyote havikumfaa mtu kitu habu ilipoanza kutoa moshi.

Joe Breeze, mmoja wa vijana hao, alipounda fremu mpya kabisa kwa ajili ya milima, mwaka 1977, angeweza kuanza na gurudumu lolote. Alibaki na la 26. Katika miaka hiyo wenzake walijaribu matairi ya theluji ya Nokian kutoka Finland, makubwa kidogo kuliko yale, na waliyapenda. Lakini yalifika kwa kubahatisha, ilhali la 26 lilikuwepo dukani siku zote. Uamuzi huo hausifiwi vya kutosha. Fundi hodari, kabla ya kuuliza kipi ni bora, huuliza kipi kitapatikana siku kile cha kwanza kitakapopasuka.

Basi zilipokuja 29 mwishoni mwa miaka ya 1990, na 27.5 karibu muongo mmoja baadaye, ubishi ukawa mkubwa kuliko ufahamu. Wanunuzi wengi walibishania inchi, na inchi za baiskeli hudanganya. Ukweli umeandikwa kwa milimita, kwa herufi ndogo, ubavuni mwa tairi: 559 kwa 26, 584 kwa 27.5, 622 kwa 29. Hicho ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Sasa mtu amwendee mzee mwenye baiskeli nyeusi ya Phoenix ya kubebea mkaa, ile inayoitwa “28”, asome ubavuni mwa tairi lake. Atakuta 635. Yaani ringi ya 28 ni kubwa kuliko ya 29, na muuzaji wa vipuri asiyelijua hilo atamfungia mteja tairi lisiloingia.

Udanganyifu mwingine ni wa 27.5. Jina lake linaiweka katikati ya wenzake wawili, lakini milimita zinakataa. Kwa tairi lenye unene uleule, kipenyo chake kinaizidi 26 kwa milimita 25 tu, kisha kinapungukiwa na 29 kwa milimita 38. Aliyeacha 26 akidhani amepanda nusu ya ngazi, amepanda kasoro.

Gurudumu kubwa lina faida isiyobishika: likikutana na jiwe au mzizi, hulipanda kwa pembe ndogo, na mwendeshaji hapotezi kasi. Gharama nayo ipo. Lina uzito zaidi, tena uzito ulio ukingoni, kwa hiyo huchelewa kushika kasi kila baada ya kona. Njiti zake ni ndefu, na njiti ndefu huyumba upande. Mwendeshaji mfupi hukuta tairi la nyuma limemkaribia makalio anaposhuka mteremko. Na si hayo tu. Gurudumu la 29 hufanya kila gia kuwa nzito kwa karibu asilimia 9 kuliko lilipokuwa 26: aliyezoea meno 32 mbele atahitaji meno 29 ili miguu isikie mlima uleule. Ni kama mafiga. Ukibadilisha moja, mengine mawili lazima yasogezwe, la sivyo chungu kinainama.

Ndiyo maana gia na breki haziwezi kuachwa nje ya mazungumzo ya magurudumu. Mwaka 2012 kampuni ya SRAM ilileta gia za XX1, zenye duara moja tu la meno mbele na meno 10 hadi 42 nyuma, zikaondoa waya na marekebisho ya gia za mbele yaliyowasumbua waendeshaji miaka mingi. Breki za diski zilifanya kazi kubwa zaidi, ingawa kwa ukimya. Breki za kubana ringi hukaa kwenye fremu kwa kimo kimoja. Badilisha kipenyo cha gurudumu, mpira wa breki unabana hewa. Diski ipo kwenye habu, haijali ringi ina ukubwa gani. Bila diski, hawa wanaofunga 29 mbele na 27.5 nyuma wasingepata hata pa kuanzia.

Jaribio la magurudumu haya lililotazamwa na watu wengi zaidi lilifanyika tarehe 12 Agosti 2012, kwenye Olimpiki ya London. Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki alipanda 29 yenye shokamzoba mbele na nyuma. Nino Schurter wa Uswisi, mfupi kuliko yeye, alichagua 27.5 yenye shokamzoba mbele tu. Kwa gurudumu hilohilo alikuwa ameshashinda raundi ya Kombe la Dunia huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, miezi michache kabla. Kulhavý alimshinda kwa sekunde moja. Sekunde moja haithibitishi kitu, lakini Schurter alipochukua dhahabu ya Rio mwaka 2016 alikuwa juu ya 29.

Katika mbio zilezile za London alikuwamo Adrien Niyonshuti wa Rwanda, aliyemaliza wa 39. Nchini kwake alikuwa ameshapita Tom Ritchey, mmoja wa waunda fremu wa mwanzo wa kule California. Ritchey alikwenda Rwanda mwaka 2005, akaona wakulima wakishusha mizigo kwa baiskeli za mbao. Hakuwapelekea fremu ya mashindano. Aliwabunia baiskeli yenye mgongo mrefu wa kubeba magunia ya kahawa, kwa sababu mzigo ndio uliokuwa swali lao.

Swali la anayetaka kuzunguka Hell's Gate kule Naivasha, au kupanda na kushuka vilima vya Usambara kutoka Lushoto, ni jingine. Adui wake wa kwanza ni mwiba wa mgunga. Tairi lisilo na tyubu, lenye dawa ya maji inayoziba tundu lenyewe, litamfaa kuliko fremu ya kaboni ya bei mara tatu. Breki za mafuta ni tamu mkononi, lakini zikivuja mbali na mji zinahitaji mafuta ya aina yake na vifaa vya kutoa hewa. Diski za waya hutengenezwa na fundi yeyote wa chini ya mwembe. Gurudumu la njiti 32 linafaa zaidi ya lile jepesi la njiti chache, kwa kuwa njiti moja ikikatika safari haiishi. Kuhusu kipenyo, mtu mrefu achukue 29 bila kusitasita. Mfupi apande 27.5 na 29 zote mbili kabla ya kutoa pesa.

Na mwenye 26 nzima nyumbani asiione aibu. Tairi lake bado linauzwa karibu kila soko la Afrika Mashariki. Ila siku ya kununua jingine, afanye hima aiinamishe baiskeli, asome namba iliyo ubavuni: iwe 559, kwa kuwa tairi la “26” la baiskeli za kawaida huwa 590, na hilo halitakaa kwenye ringi yake hata fundi avunje vidole.