Mhakiki wa Jumamosi

Anayenunua tikiti ya sinema Nairobi hanunui tikiti peke yake. Kuna nauli ya kutoka Kangemi hadi Westlands, au Kawangware hadi Ngong Road, na nauli ya kurudi ambayo mvua ikinyesha hupanda bila aibu. Kuna bisi, na kuna mwenzako aliyekubali kuja kwa sababu ulimwahidi hatajuta. Kitabu nacho, ukikinunua Text Book Centre pale Sarit, kinaweza kumeza pesa za mboga za wiki. Mtu mwenye hesabu hizi kichwani ndiye anayefungua gazeti la Jumamosi akitaka kujua jambo moja: niende au nisiende? Nawapenda wanaomjibu.

Hawapendwi na wengi. Mhadhiri humwona mhakiki wa gazeti kuwa mwepesi, mwandishi humwona mwenye kijicho, na mhariri akipata tangazo la dakika ya mwisho huanza kukata ukurasa wake. Huachiwa maneno mia sita, pengine mia tano, na humo amjulishe msomaji mwandishi ni nani, asimulie kisa bila kukimaliza, atoe hukumu na aitetee. Ajabu ni kwamba wapo wanaoweza.

Kwa anayehakiki kwa Kiswahili mzigo ni mzito zaidi, maana kuna mwongozo. Riwaya zetu nyingi huingia nyumbani kwa mlango wa mtihani: Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea za Ken Walibora, Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Nyuma yake hufuata kijitabu cha dhamira, maudhui, wahusika na maswali ya marudio. Siudharau mwongozo, umewavusha wengi. Ila umetuzoesha kusoma kama watu wanaosaka alama, na mtu mzima aliyezoea hivyo hukuorodheshea sifa za mhusika bila kukumbuka kama alicheka.

Mwongozo utakueleza kwamba Kongowea Mswahili, shujaa wa Siku Njema, ni mvumilivu na mwenye bidii. Mhakiki mzuri ataanzia pengine: kijana ametoka Tanga, mama yake alikuwa mwimbaji wa taarabu, na sasa anaifuata barabara hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Alichokikuta huko hatakitaja. Atakwambia badala yake kwamba Walibora wa mwaka 1996 alikuwa kijana mwenye uchu wa maneno, kwamba mahali pengine amepanga misamiati kama mwenye duka anayetaka uone bidhaa zote, na kwamba hata hivyo utafungua sura inayofuata.

Kutokimaliza kisa kunaonekana jambo dogo, kumbe ni nusu ya ufundi. Kwenye mabanda ya video kila mtazamaji anajua stelingi hafi, na bado moyo unamdunda. DJ Afro, aliyejipatia jina kwa kusimulia filamu za ng'ambo kwa Kiswahili na Sheng huku zikiendelea, ni mhakiki wa aina yake: sauti inakuelekeza pa kutazama na pa kucheka. Anayeandika hana picha ya kumsaidia, kwa hiyo lazima achague. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, inakuambia mapema kwamba mtoto Jo ana ugonjwa usiopona. Mhakiki akilificha hilo amemhadaa mzazi anayekuja na watoto. Akieleza hatua kwa hatua jinsi kijiji kinavyojipanga kumfanya Jo shujaa, amekula uhondo wa wenzake. Mpaka kati ya hayo mawili haujaandikwa popote.

Mwaka huohuo ndipo lilipozuka suala la Rafiki. Filamu hiyo ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, ilipigwa marufuku na bodi ya filamu mwezi Aprili kwa kusimulia mapenzi ya wasichana wawili. Mei ikaonyeshwa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha hilo. Kwa miezi kadhaa nchini kila mtu alikuwa na msimamo na karibu hakuna aliyekuwa ameiona. Septemba, Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku 7, na ukumbi wa Prestige pale Ngong Road ukafurika. Ndipo ikawezekana kuuliza maswali ya kawaida. Waigizaji wanaaminika? Zile rangi kali zinabeba kisa au zinakipamba tu? Mwisho umeharakishwa? Mtu aliweza kuipinga filamu kwa imani yake na bado akakiri kwamba Samantha Mugatsia amecheza vizuri. Mwingine aliweza kuitetea haki yake ya kuonyeshwa na bado akasema wazazi ndani yake wamechorwa kijuujuu. Nje ya ukurasa wa uhakiki, sijui mahali pengine ambapo mtu angeruhusiwa kusema yote mawili kwa pumzi moja.

Kuna kosa jingine, la aliyesoma kitabu lakini hakumtazama msomaji. Mwaka 1965 Taban lo Liyong alililia ukame wa fasihi Afrika Mashariki. Haikupita miaka kumi, David Maillu akawa anajichapishia vitabu kupitia Comb Books, na watu wanavigombania. After 4.30, ya 1974, ilihusu masekretari wa ofisi za mjini na mabosi wao baada ya kazi. Tanzania ilipiga vitabu vyake marufuku, na baadhi ya wasomi wa Nairobi wakaviita takataka. Kwa upande wa ufundi huenda walikuwa na haki. Kurasa zake nyingi mimi huziruka. Lakini ni nani mwingine aliyekuwa amemwandikia sekretari hiyo saa kumi na nusu yake? Swali hilo lilistahili angalau aya moja.

Wauzaji wa inama, wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara za katikati ya mji, hawakosei hapo. Muuzaji hukutazama begi, viatu na haraka yako, kisha huchomoa kimoja: “Hiki kinaanza polepole, vumilia mpaka ukurasa wa hamsini.” Hana sababu ya kudanganya, kwa kuwa kesho utapita palepale.

Mhakiki naye hupita palepale, na hapo ndipo penye ugumu. Nairobi ya vitabu na filamu ni ndogo: Alliance Française, Goethe, maonyesho ya vitabu pale Sarit, na nyuso ni zilezile. Unamsema mtu Jumamosi, Jumanne mko foleni moja ya chai. Wengine hujinasua kwa kusifu kila kitu, na msomaji akishatupa nauli mara mbili huacha kuufungua ukurasa huo. Nawaheshimu wanaoandika wazi kwamba kitabu hakikuhaririwa, kwamba sura tatu za kati hazina kazi, na kwamba mazungumzo ya mama na binti karibu na mwisho yanatosha kulipia vyote hivyo.

Tena inabidi wawahi. Filamu ya Kenya haikai sana ukumbini kabla ile kubwa ya Marekani haijaiondoa, na uhakiki ukichelewa wiki mbili huwa tanzia. Mhakiki ninayemwamini huenda onyesho la Ijumaa mchana, hulipa tikiti yake mwenyewe ili asidaiwe fadhila, na huandika kwenye simu akiwa ndani ya matatu, hukumu ikiwa aya ya kwanza, ili mhariri aipate kabla ukurasa wa Jumamosi haujafungwa.