Saa Hukaguliwa Mgongoni: Namna ya Kuijua Saa Ndefu ya Kiingereza Kabla ya Kuinunua

Mnunuzi mgeni wa saa za kale za Ulaya husimama mbele ya saa, husoma jina lililoandikwa usoni, kisha huuliza bei. Mimi humwomba kwanza azunguke nyuma. Uso unaweza kupakwa rangi upya, na jina linaweza kuchongwa na yeyote mwenye mkono mwepesi, lakini matundu yaliyotobolewa kwenye bamba la shaba miaka 250 iliyopita ni vigumu kuyaficha. Ninazungumzia hasa saa ndefu ya Kiingereza, ile isimamayo sakafuni ndani ya kabati lake. Saa hiyo huchezewa sana na wauzaji, na anayejua kuikagua hapati taabu na nyingine.

Umbo lake lilitokana na pendulamu. Mholanzi Christiaan Huygens alibuni saa ya pendulamu mwaka 1656, na kufikia 1658 fundi Ahasuerus Fromanteel alikuwa akizitangaza London. Pendulamu hizo za mwanzo zilikuwa fupi na ziliyumba kwa upana. Mnamo mwaka 1670 hivi kikaja kipande chenye umbo la nanga, kinacholiachia gurudumu jino mojamoja, na kwa kipande hicho pendulamu ikaweza kurefushwa hadi karibu mita moja. Ikawa inatumia sekunde moja kwenda upande mmoja, na kuyumba kwake kukawa kudogo. Kabati likafuata: refu, jembamba kiunoni, limepimwa kwa pendulamu na kwa uzani wa risasi au chuma unaoteremka ndani yake. Seremala alilitengeneza kwa ajili ya mashine fulani na uso fulani, kwa hiyo mashine ya kigeni ikiingizwa humo huacha alama.

Alama hizo ndizo za kutafuta, kwa sababu ubaya mkubwa katika biashara hii ni saa ya kuungaunga: mashine ya huku, uso wa kule, kabati la kwingine. Vua sehemu ya juu ya kabati, ile yenye kioo; kwa kawaida hutoka kwa kuivuta mbele. Utaona mashine imekaa juu ya ubao, na ubao umelala juu ya mbao mbili za ubavuni. Kama mbao hizo zimekatwa kushushwa, au zimeongezewa vipande ili mashine ipande, uliza kwa nini. Wadudu na unyevu huweza kumlazimisha fundi mwaminifu abadilishe kipande, basi usihukumu kwa alama moja. Ila ukiona pia uso haujai kwenye fremu yake, pembeni kuna mwanya au ufito mwembamba wa mbao uliobandikwa kuuziba, shaka imekuwa jibu.

Kisha tazama bamba la mbele la mashine, nyuma ya uso. Uso hushikwa na vijiguu vinavyoingia katika matundu. Matundu matupu, au yaliyozibwa kwa shaba, yanasema kwamba mashine hii iliwahi kuvaa uso mwingine. Mulika pia ubao wa mgongoni ndani ya kabati. Pendulamu iliyoning'inia humo miaka mingi mara nyingi huwa imeukwaruza. Mkwaruzo ukiwa juu au chini ya pendulamu ya sasa, tafuta sababu.

Umri nao husomwa usoni, ili mradi uso, mashine na kabati vikubaliane. Nyuso za mwisho wa karne ya 17 ni za shaba, za mraba, ndogo, kama sentimita 25 kwa upande. Karne ya 18 ilipoanza zilikua zikafikia kama 30. Tao la juu lilizoeleka baada ya miaka ya 1720. Nyuso nyeupe za chuma zilizopakwa rangi zilianza Birmingham, ambako watengenezaji Osborne na Wilson walizitangaza mwaka 1772, na baada ya muda mfupi zikaisukuma shaba pembeni. Ukionyeshwa uso mweupe katika kabati la mti wa jozi linalosemwa ni la mwaka 1700, huna haja ya kuendelea kutazama.

Kuna saa ninazozipenda kuliko zote, nazo ndizo wengi huzipita: saa za vijijini za saa 30, yaani zinazokwenda saa 30 kabla ya kusimama, zenye uzani mmoja na mnyororo au kamba, ambazo mwenye nyumba alizivuta kila siku. Nyingi za zamani zina mshale mmoja tu. Duara la namba la saa ya namna hiyo limegawanywa robo, mistari minne kwa kila saa, kwa kuwa hakukuwa na dakika za kuonyesha. Basi ukiona duara la robo lina mishale miwili, mashine imebadilishwa. Jihadhari pia na matundu ya ufunguo. Saa ya siku 8 huwa na matundu mawili usoni, na baadhi ya saa za saa 30 ziliwekewa matundu ya uongo tangu zilipotengenezwa, ili jirani adhani ni ya siku 8. Huo si ughushi wa leo, ni tamaa ya heshima ya wakati wake, na haupunguzi thamani. Lakini usilipie siku 8 kwa saa inayovutwa kila siku.

Sasa jina. Thomas Tompion, aliyefariki mwaka 1713, na George Graham aliyemfuata, mafundi mashuhuri wa saa wa London, wamezikwa pamoja Westminster Abbey, na saa zao ni za makumbusho na matajiri. Tompion alizipa saa zake namba, na jina lake limeghushiwa sana. Kwenye nyuso nyeupe, jina la mji mdogo mara nyingi ni la muuzaji aliyenunua uso Birmingham na sehemu nyingine kwingineko, akakamilisha kazi dukani kwake. Si aibu hata kidogo. Shida ni jina lililoandikwa juu ya jina. Chukua tochi, imulike kwa ubavu, utaona rangi mpya inavyong'aa tofauti na iliyozeeka.

Kwa saa za mezani za Kifaransa maneno yangu ni machache. Fungua chini uone metali yenyewe: shaba ni ya njano, zinki ni ya kijivu, na umbo la zinki lililopakwa rangi ya dhahabu halistahili bei ya shaba iliyotiwa dhahabu kwa zebaki. Mashine nyingi zina namba mgongoni, na mara nyingi namba hiyohiyo imepigwa kwenye pendulamu. Zikilingana, ni dalili njema.

Pwani yetu inazijua saa za Ulaya tangu zamani. Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, katika kumbukumbu alizochapisha Ujerumani mwaka 1886, alizitaja saa kati ya mapambo ya vyumba vya Unguja. Hewa ya chumvi haikuzihurumia: chuma hushika kutu, mbao hujikunja, vinia, yaani ubao mwembamba uliobandikwa juu, hubanduka. Anayenunua saa iliyokaa pwani akague kwanza vijigurudumu vya chuma, kwani kutu iliyokula meno ni gharama kubwa kuliko kabati lililopasuka.

Na anayeileta saa kutoka Uingereza asimlaumu fundi ikianza kuchelewa. Mvutano wa dunia ni hafifu zaidi karibu na ikweta, na pendulamu huyumba polepole zaidi. Mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer aliligundua hilo Cayenne, Amerika ya Kusini, mwaka 1672, pendulamu yake ilipochelewa kama dakika 2 na nusu kwa siku. Saa iliyorekebishwa London itapoteza zaidi ya dakika 2 kwa siku ikifika Dar es Salaam. Joto huongeza kuchelewa huko kidogo, kama sekunde 5 kwa siku kwa kila nyuzi 10, ikiwa ufito wa pendulamu ni wa chuma. Dawa ni kukaza nati iliyo chini ya pendulamu, ipande kama milimita 3. Pima pia dari yako kabla ya kulipa: saa hizi hufikia mita 2.1 hadi 2.4, na nyingi zimekatwa miguu au kichwa ili ziingie nyumba fupi.

Ukiniuliza uchague nini, chukua saa ya kijijini ya saa 30 iliyo katika kabati lake la mwaloni, hata kama vanishi imefifia, uiache ya London ya siku 8 iliyoungwaungwa na kung'arishwa. Kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti kwamba mashine, uso na kabati vimekuwa pamoja tangu mwanzo. Akikataa kuandika, mlipe bei ya vipande vitatu visivyohusiana, au uondoke.