Mkono wa Thomas Nast

Itazame katuni ya mchoraji Thomas Nast iliyotoka katika gazeti la Harper's Weekly la New York, toleo la tarehe 19 Agosti 1871. Wanaume wamesimama kwa duara, kila mmoja akimsonta aliye pembeni yake. Maandishi ya chini yanauliza nani kaiba fedha za wananchi, na jibu la wote ni moja: ni huyu. Ukilifuata duara mtu kwa mtu, unazunguka hadi unarudi kwa uliyeanza naye, na njiani hujamkuta hata mmoja asiye na hatia. Umbo la picha ndilo hukumu yenyewe.

Mwenye kitambi kikubwa ni William Tweed, kigogo wa Tammany Hall, mtandao wa chama cha Democrat uliolishika jiji. Genge lake lilipitisha ankara zilizovimbishwa za ujenzi wa mahakama, kisha likagawana cha juu. Julai mwaka huo gazeti la New York Times lilianza kuzianika hesabu hizo. Lakini safu za tarakimu huchosha macho, na si kila mpiga kura alijua kusoma. Nast alizipa tarakimu sura ya mtu.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Alichora kwa penseli juu ya ubao mgumu, kila kitu kikiwa kinyume kama kwenye kioo. Baadaye wachongaji waliondoa kila sehemu iliyotakiwa kubaki nyeupe, wakiiacha mistari imeinuka ili ishike wino. Pale mistari ilipokatizana kutia kivuli, kila kidoa cheupe katikati kilibidi kichimbuliwe peke yake. Ubao wa picha kubwa uliungwa kwa vipande, ili vifunguliwe na kugawiwa wachongaji kadhaa, kisha vifungwe tena kwenda mitamboni. Mstari wa kupamba tu ulikuwa hasara.

Ndiyo maana katuni ya tarehe 21 Oktoba inashangaza kwa uchache wake. Mwili umesimama, mikono mifukoni, tumbo limetangulia. Juu ya shingo umekaa mfuko wa fedha, na alama ya dola ndiyo macho, pua na mdomo. Jina la Tweed halipo. Ipo almasi aliyozoea kuivaa kifuani, nayo inatosha, kwa kuwa Nast alikuwa amewazoesha wasomaji tumbo lile lile na almasi ile ile, toleo baada ya toleo.

Katika uchaguzi wa Novemba Tammany ilipata pigo kubwa. Tweed alitiwa hatiani mwaka 1873, akatoroka mwaka 1875, na mwaka uliofuata akakamatwa Hispania, ambako mchoro wa Nast ulitumika kumtambua. Alifia gerezani mwaka 1878.

Hata hivyo, mkono huo huo uliwachora Waairishi kama nyani na maaskofu wa Kikatoliki kama mamba. Hapo hapakuwa na ankara wala ushahidi, palikuwa na chuki tu, na ustadi haukuipunguza. Kwa hiyo anayetaka kumchora kigogo fisadi na aanze kwa hesabu zilizothibitishwa, kisha achague alama moja inayomfaa mtu huyo, asiiache mpaka hata asiyejua kusoma amtambue.