Kabla ya Tandiko

Mwanafunzi anayejiandikisha kwa somo la utangulizi la sayansi na utunzaji wa farasi, katika chuo chochote cha kilimo cha Marekani, aghalabu huja na picha yake kichwani: tandiko, hatamu, uwanja mpana na upepo usoni. Muhtasari wa somo una habari nyingine. Una meno, kwato, utumbo, minyoo, chanjo, majani makavu, uzio na samadi. Kupanda, kama kumo, huja baadaye au huwekwa katika somo jingine kabisa. Wapo wanaodhani huo ni ubahili wa walimu, au hofu ya chuo kushtakiwa mtu akianguka. Mimi naona mpangilio huo ndio hekima yenyewe ya fani hii. Anayemchukia farasi ni rahisi kumtambua na kumzuia. Anayempenda bila kumjua ndiye mgumu, kwa sababu madhara yake huja yamefungwa kama zawadi, na somo la mwanzo lipo kwa ajili yake.

Chukua ndoo ya nafaka, maana hakuna zawadi itolewayo kwa wepesi kama hiyo. Farasi wa kilo 500 ana tumbo dogo la kushangaza, la kati ya lita 8 na 15 tu, hali chumba cha kwanza cha tumbo la ng'ombe mkubwa hupita lita 100. Hacheui, na wala hawezi kutapika, kwa kuwa msuli unaofunga mlango wa tumbo lake una nguvu mno. Kilichoingia kimeingia. Kazi kubwa ya kuyageuza majani kuwa nguvu hufanyika nyuma kabisa, katika kifuko kikubwa kilicho mwanzoni mwa utumbo mpana na katika utumbo mpana wenyewe, ambamo vijidudu huchachusha nyuzinyuzi usiku na mchana. Mnyama wa namna hii ameumbwa ale kidogo kidogo muda mwingi. Akiachwa malishoni hupita saa 10, hata 16, kichwa kikiwa chini. Sasa mmiminie nafaka kwa mkupuo mmoja. Wanga unaoushinda utumbo mwembamba husukumwa nyuma ukiwa mbichi, vijidudu vinavyopenda sukari huzaana ghafla, asidi hupanda, na vile vilivyokuwa vikimeng'enya majani hufa na kuachia sumu kwenye damu. Matokeo yaweza kuwa msokoto wa tumbo, ambao huweza kuua ndani ya saa chache. Yaweza pia kuwa ugonjwa wa kwato, ambamo tishu zinazoushikilia mfupa wa mwisho wa mguu ndani ya ukwato huvimba na kuachia, mfupa ukaanza kushuka. Mnyama anachechemea, mwenyewe anatafuta mwiba mguuni, kumbe kosa lilikuwa kwenye ndoo.

Hapo ndipo kanuni za somo, zinazoonekana kavu zikisomwa ubaoni, zinapopata maana. Majani yawe angalau asilimia 1.5 ya uzito wa mwili kila siku, yaani kama kilo 7 na nusu kwa farasi wa kilo 500, na ni vizuri yakizidi hapo. Nafaka ipimwe kwa mizani, si kwa kopo, kwa sababu kopo la mahindi ni zito kuliko kopo la pumba. Chakula kikibadilishwa, kibadilishwe taratibu kwa wiki moja au mbili ili vijidudu vya tumboni vipate muda wa kuzoea. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo moyo mwema ungeligundua peke yake. Moyo mwema unaona mnyama anayelia na kugonga mlango saa ya chakula, unahitimisha kwamba ana njaa, na unaongeza kopo.

Baada ya tumbo, somo hufundisha kutazama, na hili ndilo linaloifanya fani kuwa ufundi. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Kwa asili hana faida ya kutangaza maumivu yake. Ukimngoja alale chini na kugaagaa ndipo ujue anaumwa, mara nyingi umechelewa. Kwa hiyo mwanafunzi husimamishwa kando ya farasi mzima, asiye na tatizo lolote, akaambiwa ampime. Mapigo ya moyo ya farasi mkubwa aliyetulia ni kati ya 28 na 44 kwa dakika, na joto lake ni kama nyuzi 37.5 hadi 38.5. Kisha anainua mdomo wa juu, anabonyeza ufizi kwa kidole gumba hadi pale palipobonyezwa pawe peupe, anaachia, na kuhesabu: rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Ikikawia, damu haizunguki inavyopasa. Mwisho anaweka stetoskopu ubavuni, nyuma ya mbavu, juu na chini, kushoto na kulia, na kusikiliza tumbo. Asiyejua hudhani tumbo linalonguruma ndilo lenye ugonjwa. Kwa farasi mngurumo ni habari njema, na kimya ndicho cha kumwitia daktari. Zoezi hilo hurudiwa kwa farasi yule yule hadi linachosha, na linachosha kwa makusudi: mtu hawezi kuuona ugonjwa kama hajaijua afya ya mnyama huyo kwa namba zake mwenyewe.

Atasimama mtu hapa aseme kwamba ufundi huu haufundishwi darasani. Saisi aliyekulia zizini humsoma farasi kwa namna alivyosimama, na hakupewa cheti na yeyote. Ni kweli kabisa, na chuo kinachomdharau saisi hakijui kilikotoka. Shule ya udaktari wa mifugo ya Lyon, Ufaransa, ya kwanza ya aina yake Ulaya, ilianzishwa mwaka 1761 na Claude Bourgelat, ambaye hakuwa tabibu. Alikuwa mkuu wa shule ya kupanda farasi. Karne nyingi kabla yake, katika Baghdad ya Waabbasi ya karne ya 9, Ibn Akhi Hizam aliandika juu ya tabia na maradhi ya farasi akiwa mtu wa mazizi. Naye Xenophon wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alikuwa mwanajeshi alipoandika kuhusu kutandika mawe mahali pa farasi ili kwato zikaze, na kuonya kwamba farasi asiendewe kwa hasira. Elimu hii ilitoka zizini kwenda kitabuni, si kinyume chake.

Ila ujuzi wa saisi una upungufu mmoja, nao hausababishwi na saisi mwenyewe: ni mgumu kuhama. Yeye akisema farasi huyu amekonda na mwenye farasi akasema yuko sawa, ni neno la mtu dhidi ya neno la mtu, na mwenye mali ndiye husikilizwa. Mwaka 1983 Don Henneke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walichapisha kipimo cha unene cha ngazi 1 hadi 9, walichokitengeneza wakichunguza uhusiano kati ya mafuta mwilini na kushika mimba kwa farasi jike. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Unapitisha mkono mahali 6: shingoni, penye kilele cha mabega, nyuma ya bega, kwenye mbavu, mgongoni na kwenye shina la mkia. Mbavu zisizoonekana kwa jicho lakini zinazopatikana upesi kwa vidole ni dalili ya ngazi ya 5, iliyo ya wastani. Alichokuwa nacho saisi mkononi kikapata namba, na namba hiyo leo hutumika katika mahakama za Marekani kwenye kesi za ukatili kwa wanyama. Hapo ndipo ninapoona heshima ya chuo. Hakikuuvumbua mkono huo. Kiliupa sauti ambayo hakimu asiyewahi kugusa farasi anaweza kuielewa.

Kuhusu tabia, hakuna kisa kinachofaa kusomwa na kila anayeanza kuliko kile cha Hans. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, mwalimu wa hisabati aliyestaafu, Wilhelm von Osten, alikuwa akimwonyesha hadharani farasi wake aliyejibu hesabu kwa kugonga ukwato chini. Tume ya watu wazito ilimchunguza mwaka 1904 na haikuona hila. Kisha mtafiti Oskar Pfungst akafanya majaribio yaliyochapishwa mwaka 1907: muulizaji akiwa hajui jibu, au akiwa mahali ambapo farasi hamwoni, Hans alikosea. Farasi hakuwa akihesabu. Alikuwa akiwatazama waulizaji, ambao bila kujua waliinama kidogo akianza kugonga, na wakainua kichwa kidogo sana alipofika kwenye jibu. Watu wengi huishia kucheka kwamba farasi alikuwa mjinga kumbe. Mtu wa farasi hacheki, maana kisa kinasema jambo kubwa zaidi kuliko hesabu: wasomi walikitazama kiumbe ambacho kilikuwa kikiwatazama wao kwa makini zaidi. Anayemwendea farasi akiwa na haraka au woga ameshasomwa kabla hajagusa kamba.

Ndiyo sababu ufundishaji mwingi wa farasi ni suala la wakati, na nguvu za mtu zina nafasi ndogo. Kigwe kikikazwa, farasi akapiga hatua moja kukifuata, kilegezwe papo hapo; kule kulegea ndiko kunakomwambia kwamba amepatia. Kikiendelea kukazwa kwa sekunde chache tu, amefundishwa kwamba kutii hakuna faida. Macho yake yapo pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa sehemu nyembamba mbele ya paji na nyingine nyuma ya mkia, kwa hiyo huendewa kwa pembeni, kuelekea bega, huku ukimsemesha. Tunasema shukrani ya punda ni mateke. Somo hili lingeuliza kwanza aliyepigwa alikuwa amesimama wapi.

Pingamizi zito zaidi kwa msomaji wa huku kwetu ni lile la mali na mahali. Farasi ni mnyama wa wenye nacho, na Afrika Mashariki ina wachache, wengi wao wakiwa kwenye mashindano kama ya Ngong, Nairobi, au mikononi mwa polisi na wapenda michezo. Sababu ya uchache huo yenyewe iko ndani ya somo. Mbung'o na nagana, ugonjwa wanaoueneza, viliwafungia farasi sehemu kubwa ya bara, na maradhi ya farasi ya Afrika, yanayoenezwa na usubi, huweza kuua zaidi ya asilimia 90 ya farasi wasio na kinga, wakati punda milia hubeba virusi hivyo bila kuugua. Mwaka 1987 punda milia walioletwa kutoka Namibia waliuingiza ugonjwa huo Hispania, na ikachukua miaka kuuondoa. Kwa hiyo elimu ya farasi haituhusu kidogo kama inavyodhaniwa. Hata hivyo jibu langu kwa pingamizi halimtegemei farasi. Linamtegemea ndugu yake.

Punda ni wa jenasi moja na farasi. Ana utumbo wa mpango ule ule, meno yanayohitaji kusawazishwa, na ukwato mmoja mmoja mguuni unaoendelea kukua na usipopunguzwa humlemaza. Katika Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari, hubeba saruji, mchanga na maji, na shirika la Uingereza la kutetea punda liliweka kliniki huko mwaka 1987. Vijijini Kenya na Tanzania ndiye huchukua mzigo ambao ungekaa kichwani mwa mama. Si kila kitu cha farasi kinamfaa: punda huhitaji chakula hafifu zaidi, huficha maumivu kuliko farasi, akitishika husimama badala ya kukimbia, nasi tukauita huo ukaidi. Akikataa kula kwa siku chache mafuta yaweza kujaa kwenye damu yake na kumuua. Mimba yake huchukua mwaka mmoja au zaidi na huzaa mtoto mmoja, ndiyo maana biashara ya ngozi iliweza kumpunguza upesi hivyo, na ndiyo maana Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia kuchinjwa kwake kwa ajili ya ngozi. Uamuzi huo utamwacha hai. Kumwacha akiwa na afya ni kazi ya elimu, na vyuo vyetu vya mifugo, vilivyojengwa kwa haki juu ya ng'ombe, mbuzi na kuku, vingeweza kumpa japo wiki chache za muhula, zikianza na tumbo na ukwato.

Mwenye punda asingoje chuo. Jioni akiwa ametulia, si mara tu atokapo kazini, tafuta chini ya taya mshipa unaopita juu ya mfupa, uwekee vidole, hesabu kwa dakika nzima na uandike. Punda mzima huwa kati ya 36 na 52. Rudia kesho na kesho kutwa, mpaka uijue namba ya huyo wako. Siku akiugua, daktari wa mifugo ataihitaji.